Nani Aliamua Wimbo Uwe wa Dakika Tatu?

Mwaka 2008 wataalamu wa sauti nchini Marekani walichukua picha za karatasi iliyopakwa masizi mwaka 1860, wakazipitisha kwenye kompyuta, na karatasi ikaimba. Aliyeichora mistari ile alikuwa Mfaransa, Édouard-Léon Scott de Martinville, mtu wa kazi za uchapaji mjini Paris aliyebuni chombo cha kuandika sauti. Unaimba ndani ya pembe, utando mwembamba unatetemeka, na unywele mgumu uliobandikwa kwenye utando unakwaruza mawimbi juu ya masizi. Scott hakukusudia kamwe mawimbi yale yasikike tena. Alitaka yasomwe kwa macho, kama mtu anavyosoma barua. Kwa hiyo miaka 17 kabla ya Thomas Edison kutengeneza kinasa sauti chake cha 1877, sauti ya binadamu ilikuwa tayari imeshikwa, ila hapakuwa na wa kuifungulia.

Lakini utamu wa kisa hiki uko mbele kidogo. Karatasi ilipochezwa mara ya kwanza, ilitoka sauti nyembamba ya msichana, na dunia nzima ikaambiwa hivyo. Mwaka uliofuata ikagundulika kwamba ilichezwa kwa kasi mara mbili ya inavyotakiwa. Ukiipunguza, msichana anatoweka na anabaki mwanamume mzima anayeimba polepole, na haielekei kuwa mwingine ila Scott mwenyewe. Mkanganyiko ulitokana na nambari. Sambamba na mstari wa sauti, Scott alichora mstari wa uma wa chuma unaotetemeka kwa kasi inayojulikana, uwe kipimo cha muda. Wafaransa wa enzi zile walihesabu uma ukienda kuwa mtetemo mmoja na ukirudi kuwa mwingine. Sisi kwenda na kurudi tunakuhesabu mara moja tu. Nambari ileile, kwa desturi nyingine ya kuhesabu, ikamgeuza mzee wa watu aliyefariki mwaka 1879 kuwa binti.

Kisa hicho kimenitia tabia ambayo wenzangu huiona kero. Kila chombo kinachonipigia muziki nakiuliza: ndani yako mna nambari gani, na nani aliiweka? Majibu yamenifikisha kwenye msimamo mmoja. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha yetu ya muziki iliamuliwa na watu waliokuwa wakitatua shida nyingine kabisa, na walishaondoka mezani kabla sisi hatujazaliwa. Nambari zao nyingi sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na nambari za juzijuzi hizi, na sababu nitaifikia.

Tuanze na hizo dakika tatu. Santuri za mwanzo wa karne ya 20 zilizunguka mara 78 kwa dakika, na ile ya inchi 10 iliweza kubeba kiasi cha dakika tatu upande mmoja. Mfereji wa sindano unahitaji nafasi; ukiubana sana unaharibu sauti, ukiuachia unamaliza sahani. Basi. Hakuna mtunzi aliyekaa akaona kwamba moyo wa mwanadamu huchoka baada ya dakika tatu. Walioingia studio walipunguza beti, wakafupisha kipande cha ala cha katikati, wakaharakisha mdundo ili wafike mwisho kabla sindano haijafika kwenye karatasi ya katikati. Mwaka 1948 ikaja santuri ndefu, yenye zaidi ya dakika 20 kila upande. Wimbo wa kupendwa haukurefuka. Redio ilikwisha kujipanga kwa kipande kifupi, mwaka 1949 santuri ndogo ya mizunguko 45 ikaendeleza kipande kifupi, na wasikilizaji walikwisha kuzoea kwamba wimbo ukigonga dakika ya nne unaanza kuboa. Leo faili halina ukingo. Mtu akitaka atoe wimbo wa saa tisa, hakuna sindano ya kumkatiza. Na bado, fungua orodha yoyote ya nyimbo zinazotamba uone ziko wapi. Kiatu kilivuliwa zamani, mguu umebaki na umbo la kiatu.

Edison naye hakuuona muziki kwanza. Mwaka 1878 aliandika makala akiorodhesha matumizi ya mtambo wake, na namba moja ilikuwa kuandika barua kwa kuzungumza, bila karani. Vikafuata vitabu vya kusikiliza kwa wasioona, kisha mafunzo ya matamshi. Muziki ulishika nafasi ya nne. Huwa nafurahi kukumbuka hilo kila ninapomsikia mtaalamu akitangaza kwa uhakika teknolojia fulani mpya itatumika kufanyia nini.

Sasa niingie mahali ninapopajua kwa koo langu mwenyewe. Naimba kwaya, sauti ya nne, mstari wa nyuma. Yeyote aliyewahi kuimba na wenzake bila kinanda anaijua ile dakika ambapo sauti zinajifunga: do ya chini imetulia, so imekaa juu yake, halafu wenye mi wanaingia na ghafla chumba kinajaa. Unasikia kama kuna mtu wa ziada anaimba juu ya dari. Kisha mpiga kinanda anaingia kwenye ubeti wa pili na kuna kitu kinakwaruza, kidogo tu. Mwalimu anasimamisha mkono: "Mmeshuka!" Mara nyingi ni kweli tumeshuka, maana kwaya hushuka. Lakini zipo siku ambazo hatukushuka hata chembe. Aliye nje ya sauti ni kinanda.

Hili si majivuno ya waimbaji, ni hesabu. Sauti mbili hukubaliana vizuri zaidi mitetemo yake ikiwa katika uwiano mwepesi. Do na so ni mbili kwa tatu. Do na mi ni nne kwa tano. Tuseme do yetu inatetemeka mara 440 kwa sekunde: mi inayojifunga nayo inataka 550 kamili. Kinanda kitakupa 554 na ushei. Tofauti ya mitetemo minne inaonekana ndogo, lakini ndiyo ile mikwaruzo, ile hali ya sauti kutetemeka-tetemeka pale ambapo ingetulia.

Kwa nini wasikitengeneze kinanda vizuri? Kwa sababu haiwezekani, na hapa ndipo sayansi ya sauti huniacha hoi kila mara. Ukipanda kwa hatua ya do hadi so mara 12 mfululizo, unapaswa kurudi kwenye do, oktavu saba juu, yaani kutoka do hadi do inayofuata mara saba. Piga hesabu: moja na nusu, ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara 12, ni 129.75. Oktavu saba, yaani mbili ikizidishwa yenyewe mara saba, ni 128. Hazikutani. Pengo hilo halitokani na uzembe wa fundi. Limo ndani ya namba zenyewe, na halizibiki. Unaloweza ni kuchagua pa kulificha. Karne kwa karne mafundi walilirundika kwenye noti zisizotumika sana, wakawa na ufunguo mmoja mtamu na mwingine unaolia kama paka. Mtindo ulioshinda ni wa kuligawa pengo sawasawa kwenye noti zote 12, kila noti ikitetemeka mara 1.0595 ya iliyotangulia. So inatoka karibu safi. Mi inatoka imepanuka. Kwa maneno mengine, dunia imekubaliana kuwa nje ya sauti kwa usawa, ili pasiwe na anayeonewa zaidi.

Na ni makubaliano mazuri! Mwimbaji akiamka na koo limekauka, mpiga kinanda anamshushia noti mbili na wimbo unaendelea bila nyuzi kurekebishwa. Bila mgawanyo huo muziki mwingi tunaoupenda usingetungika. Shida huja pale makubaliano yanaposahaulika kuwa ni makubaliano. Ilipotangazwa lugha ya MIDI mwaka 1983 ili vinanda vya umeme na kompyuta viweze kuzungumza, noti zilipewa namba kuanzia 0 hadi 127, na kwa kawaida namba hizo zinasomwa kama vitufe vya kinanda. Ziko njia za kupinda noti katikati ya kitufe na kitufe, lakini ni njia za pembeni, za mwenye muda. Muziki wa Kiarabu wenye hatua zinazoangukia katikati ya vitufe, au gamelani, zile bendi za ala za chuma za Java ambazo kila kundi la ala limerekebishwa sauti kwa namna yake, unapita kwenye tundu ambalo halikutobolewa kwa ajili yake. Prodyuza kijana akifungua programu leo anakuta ngazi hiyo imeshawekwa, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba ni ngazi moja kati ya nyingi.

Kuhusu hiyo 440, kipimo cha noti A kinachotumika kulinganisha ala, nayo ni ya kikao. Ilipendekezwa kwenye mkutano wa kimataifa uliofanyika London mwaka 1939. Kabla ya hapo noti hiyohiyo ilipanda na kushuka kutoka mji mmoja hadi mwingine. Siku hizi kuna watu wanaokuapia kwamba mitetemo 432 ndiyo ya asili, eti huponya mwili, na kwamba 440 ni njama. Ninachowajibu ni kifupi: sekunde yenyewe ilitokana na binadamu kuigawa siku mafungu 86,400. Tungeigawa vingine, 432 ingekuwa nambari nyingine kabisa. Ini lako halijui sekunde ni nini.

Tukiacha kwaya, kuna muujiza mdogo unaotokea kila siku kwenye simu. Laini za simu za kawaida zilijengwa kupitisha mitetemo kati ya 300 na 3,400 kwa sekunde. Inatosha maneno kueleweka, na inabana gharama. Sauti ya mwanamume mtu mzima hutetemeka takriban mara 100 hadi 150. Maana yake, msingi wa sauti ya baba yako ulikuwa haupiti kwenye waya kabisa. Haukufika. Na bado akisema "haloo" ulisikia besi yake yote. Kilichofika ni mitetemo ya juu inayoandamana na ule msingi, 300, 400, 500, na ubongo ukiona zimeachana kwa 100 unahitimisha kwamba chini kuna 100, kisha unakusikilizisha kitu ambacho hakipo. Mtu anayesema anasikia "sauti halisi" akumbuke jambo hili kabla hajaendelea.

Udhaifu huo, au uhodari huo, ndio uliozaa MP3. Wahandisi wa taasisi ya Fraunhofer nchini Ujerumani, akiwemo Karlheinz Brandenburg, walijua kwamba sauti kubwa hufunika ndogo iliyo karibu nayo. Ngoma ikipigwa, kwa muda mfupi sikio halisikii mengi yanayozunguka mtetemo wake. Kwa nini basi uhifadhi kisichosikika? Kitupe. CD hutumia takriban biti 1,411,000 kwa kila sekunde ya muziki. MP3 ya kawaida ya miaka ile ilitumia 128,000, yaani fungu moja kati ya kumi na moja. Jaribio lililowatoa jasho halikuwa la okestra kubwa. Lilikuwa la mwanamke mmoja, Suzanne Vega, akiimba peke yake bila ala yoyote. Sauti tupu haina pa kujificha. Mwanzoni ilitoka imeharibika vibaya, ikabidi warekebishe hesabu zao tena na tena mpaka ikakaa. Ninapofikiria mabilioni ya nyimbo zilizobanwa kwa hesabu hizo, naona sauti hiyo moja imekaa katikati kama mizani.

Wapo wanaolia hadi leo kwamba muziki wa kidijitali umekufa, wakataka faili zenye nambari kubwa zaidi ya zile za CD. Siwaungi mkono. CD hupima wimbi mara 44,100 kwa sekunde kwa sababu sikio changa na zima hufika mitetemo 20,000, na hisabati inataka upime zaidi ya mara mbili ya hapo. Ile 44,100 yenyewe, badala ya 43,000 au 45,000, imetokana na mitambo ya kurekodi video iliyotumika kuhifadhi sauti enzi hizo. Ilitosha, na inatosha. Mtu wa makamo anayenunua nyaya za bei mbaya ili asikie mitetemo 30,000 anamnunulia popo.

Kwenye Auto-Tune, programu ya kunyoosha sauti ya mwimbaji, ndipo nyuzi zote hizi zinapokutana. Aliyeitengeneza mwaka 1997, Andy Hildebrand, alitoka kwenye utafutaji wa mafuta. Kazi yake ilikuwa kusoma mwangwi wa mishtuko inayopelekwa ardhini na kutambua, kwa hesabu, kilichomo chini. Hesabu za jamii hiyo zikielekezwa kwenye sauti ya mwimbaji zinatambua wimbi linajirudia kila baada ya muda gani, hivyo zinajua noti, na zikishaijua zinaivuta hadi noti iliyo karibu. Watu hulalamikia ile sauti ya roboti. Mimi naiona ala kama ala nyingine, na wengine wanaipiga kwa ufundi. Kinachonisumbua ni matumizi yake ya kimyakimya, yale ambayo husikii kitu. Kwa maana "noti iliyo karibu" ni ipi? Isipoelekezwa vingine, ni ya ile ngazi ya kinanda. Mwimbaji mwenye sikio anaigusa mi ya 550, tamu, iliyojifunga na wenzake. Mashine inaikuta ina kasoro, inaisogeza hadi 554. Inamsahihisha aliyekuwa sahihi. Vijana wanaokua wakisikia sauti zilizosogezwa hivyo tu watakuja siku moja kusikia kwaya isiyo na kinanda, nao watasema imeshuka.

Hadi hapa bado sijagombana na mtu kwa dhati. Nambari hizi zote, 78, 440, 12, 44,100, zina sifa moja: zinabana chombo. Mwanamuziki anaziona. Anajua ukingo wa santuri uko wapi, anaweza kuukata wimbo nusu akauendeleza upande wa pili, anaweza kuuacha ufifie sindano ikielekea mwisho kana kwamba bendi inaondoka mtaani ikiendelea kupiga. Ukingo unaoonekana hugombewa, na magomvi hayo yametupa muziki mwingi mzuri.

Hata Walkman, kile kicheza kaseti cha mfukoni, ambayo wengi huilaumu kwa kutufungia kila mtu kwenye masikio yake, ilianza na nia nyingine. Ile ya kwanza ya mwaka 1979 ilikuwa na matundu mawili ya kuchomeka vipokea sauti, na kitufe cha rangi ya chungwa: ukikibonyeza, muziki unapungua na maikrofoni ndogo inawawezesha nyote wawili kuzungumza bila kuvivua. Akio Morita wa Sony aliona si adabu mtu kusikiliza peke yake. Watumiaji walimjibu kwa vitendo, kitufe hakikudumu. Hapo hatukuamuliwa na mashine. Tuliamua.

(Nambari moja katika habari hii ambayo haikutoka kwenye kikao chochote imo ndani ya sikio: kila sikio huzaliwa na seli zenye vinyweleo takriban 15,000, na zikifa hazioti tena. Shirika la Afya Duniani linatoa kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila ukipandisha desibeli tatu muda unakatika nusu. Kwa desibeli 89 unabaki na saa tano. Wiki nzima.)

Ugomvi wangu sasa. Spotify, jukwaa la kusikilizia muziki mtandaoni, huhesabu kwamba wimbo umesikilizwa ukishafika sekunde 30. Kabla ya hapo, kwa upande wa malipo, hukuusikiliza. Kwa juujuu ni kanuni ya kawaida, lazima mstari uchorwe mahali. Lakini tazama imegeuza nini. Zamani ulinunua santuri au kaseti, ukalipa, na yaliyoendelea nyumbani kwako yalikuwa siri yako. Ungeweza kuichukia mwezi mzima, ukaiacha dirishani, ukairudia siku ya mvua na ikakukamata mpaka leo. Mwanamuziki alishalipwa. Hakuna mtambo uliokuwa ukihesabu chuki yako ya mwezi wa kwanza. Nambari mpya haibani chombo, inampima msikilizaji, na inampima katika nusu dakika ya mwanzo, wakati hajui lolote.

Matokeo yanasikika bila kuhitaji darubini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulichunguza nyimbo zilizoingia kumi bora nchini Marekani kati ya 1986 na 2015 na kukuta kwamba utangulizi kabla ya sauti kuanza umepungua kutoka zaidi ya sekunde 20 hadi kama tano. Ufupishaji huo ulikwisha kuanza kabla ya majukwaa haya, rimoti na redio za magari zilitangulia. Majukwaa yameupa tu bei. Kiitikio kinaletwa mbele. Na kwa kuwa wimbo wa dakika mbili na wa dakika saba hulipwa sawa, unadhani mwenye akili timamu atatoa upi? Zile dakika tatu, ambazo hata kuondolewa kwa santuri hakukuzitikisa, ndizo zinazolika sasa.

Lakini hebu tuiangalie hiyo data yenyewe inavyopatikana, maana ndipo panaponichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Mimi husikiliza muziki zaidi nikiosha vyombo. Simu iko juu ya rafu, mikono imejaa povu hadi kwenye kiwiko. Unakuja wimbo ambao siupendi. Ningeuruka, ila nikaushe mikono, nifute kioo, niguse, nirudi kwenye sufuria. Kwa ajili ya wimbo mmoja? Naacha upite. Unaisha wote, pamoja na ile sehemu ya mwisho ambayo mwimbaji anajiitikia mwenyewe. Upande wa pili, mahali fulani kwenye seva, imeandikwa kwamba nimeusikiliza mwanzo hadi mwisho. Wiki inayofuata naletewa ndugu zake. Nao wanakuja wakati wa vyombo, nao nawaacha wapite. Jukwaa sasa lina hakika kabisa na ladha yangu, na kwa kweli linachokijua ni hali ya mikono yangu.

Kinyume chake pia hutokea. Wimbo mzuri, mgumu, unaoanza taratibu kwa ala moja, unanikuta nikisubiri lifti. Kidole kiko huru. Naruka sekunde ya kumi na mbili. Imeandikwa siupendi. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha jambo ambalo kila mwenye kaseti ya zamani alilijua bila kulisoma: kukutana na kitu mara kwa mara, peke yake, huongeza kukipenda. Nyimbo nyingi nilizonazo moyoni ziliingia kwa mlango huo, kwenye usikilizaji wa nne au wa tano. Mtambo unaopima mguso wa kwanza unazuia wa nne usitokee, halafu unanionyesha takwimu kuthibitisha kwamba nisingeupenda.

Nisiwe mtu wa kulaumu tu. Majukwaa hayahaya yamepunguza makali ya upuuzi mmoja uliodumu miaka mingi, ule wa kila studio kutaka wimbo wake usikike mkubwa kuliko wa jirani, mpaka nyimbo zikawa ukuta mtupu usio na pumzi. Siku hizi jukwaa hupima wastani wa ukubwa wa sauti na kuushusha wimbo uliozidi ulingane na wengine. Mpiga kelele hapati faida tena. Ilikuwa nambari nzuri, iliyowekwa mahali panapofaa, na karibu hakuna msikilizaji anayejua kwamba ipo.

Mwaka 1906 mwanamuziki wa Marekani John Philip Sousa alikwenda mbele ya wabunge kuzilaumu mashine za kuchezea muziki, akaonya kwamba watu wataacha kuimba wenyewe hadi koo la mwanadamu liondoke kama ulivyoondoka mkia. Makoo tunayo. Ila Sousa alikuwa pia anatetea malipo ya watunzi, na upande huo wa hoja yake haujazeeka hata kidogo. Tangu mwaka 2024 Spotify haikilipi kitu kipande kisichofikisha usikilizaji 1,000 ndani ya miezi 12. Sababu iliyotolewa ni kwamba malipo ya vipande hivyo ni madogo mno na mara nyingi hayamfikii mwenyewe, na kwamba wapo walaghai wanaojaza jukwaa takataka. Ulaghai upo, sikatai. Lakini kwaya yenye wapenzi mia mbili wa kweli, wanaoisikiliza mara nne kwa mwaka, iko chini ya mstari sawa na yule tapeli.

Halafu kuna chungu kimoja. Kwa desturi iliyozoeleka, ada yangu ya mwezi hainiwakilishi mimi. Inatupwa pamoja na za watu wote, kisha inagawanywa kulingana na jumla ya usikilizaji wa kila mtu. Nikishinda mwezi mzima na kwaya moja isiyojulikana, sehemu kubwa ya ada yangu inawaendea watu ambao sijawahi kuwasikiliza hata sekunde moja, kwa kuwa wengine wamewasikiliza mchana kutwa, pengine nao wakiwa na mikono yenye povu. Njia nyingine ipo na imeshajaribiwa: mwaka 2021 SoundCloud ilianza kuwalipa baadhi ya wasanii wake wa kujitegemea kwa kuangalia kila msikilizaji amesikiliza nini, pesa yake ikifuata masikio yake. Wenye majukwaa makubwa husema hesabu za namna hiyo zina ugumu wake. Wanaoweza kujua kwamba niliruka wimbo sekunde ya kumi na mbili, nikiwa nasubiri lifti, wanaweza pia kujua ada yangu imwendee nani.